Taji la Mwezi na Bastola ya Gundi

Jumapili, 2 Juni

Siku njema! Binti yangu amechaguliwa kucheza Mwezi kwenye onyesho la kikundi cha dansi. Mwezi! Wenzake saba ni Nyota tu. Nikatangaza papo hapo, mezani, kati ya chupa ya chai na nguo za kupigwa pasi, kwamba taji la Mwezi nitalitengeneza mimi, baba mzazi. Mke wangu akauliza nitalitengeneza kwa mikono ipi, hii hii iliyofunga rafu ya vyombo ikaangukia masufuria? Nikajitia hamnazo.

Tatizo ni shemeji. Mdogo wake mke wangu ndiye anayetengeneza vibanio vya nywele vya Nyota, na Mwalimu wa dansi alitaka kumpa na taji pia. Shemeji hushona kila shanga kwa sindano na uzi, moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Moyoni namwita Mama Sindano. Kwa mwendo ule Mwezi atacheza kichwa wazi.

Nimemfuata Mwalimu hadi kwake, nikambembeleza mpaka akachoka. Amesema haya, nilete taji kwenye mazoezi ya Alhamisi, ila likimwaibisha mtoto nisirudi tena kwake na habari za mataji. Njiani binti akaniuliza kwa sauti ndogo kama kweli halitadondoka. Nimemwambia halitadondoka. Nimeapa kabisa.

Jumatatu, 3 Juni

Nimenunua bastola ya gundi! Unaichomeka kwenye umeme, inapata moto, unabonyeza, gundi inatoka laini kama uji. Ikipoa, jiwe. Nani ahangaike na sindano tena?

Nimekata mwezi mchanga wa kadibodi, nikaubandika juu ya mkanda wa nywele wa plastiki. Kisha vito vya plastiki, vyeupe na vya fedha. Kisha unga wa kumeremeta, mfuko mzima. Nimejiunguza vidole, lakini sanaa haikosi maumivu. Unga umeingia kwenye kopo la sukari. Mke wangu amekunywa chai inayong'aa, akinitazama juu ya kikombe mpaka ikaisha. Nikamwogopa kidogo.

Shemeji alipita kuazima mkasi. Akaligeuzageuza taji, akasema ni zuri mno, ila gundi hiyo haipatani na joto, na taa za jukwaani zinachoma. Eti afadhali nitie mishono michache, yeye yuko tayari kunionyesha. Nikamshukuru kwa tabasamu pana. Wivu huo! Mwenye wivu ajinyonge.

Jumanne, 4 Juni

Kazini palikuwa pagumu. Napokea malalamiko kwenye ofisi ya maji, na leo Mkuu ameniuliza kama natoka harusini, maana nyusi zangu zinawaka. Mteja mmoja ambaye bomba lake limepasuka amegoma kuhudumiwa nami. Amesema hawezi kueleza shida yake kwa mtu mwenye uso wa sikukuu.

Nimerudi nyumbani nikakuta balaa. Taji nililiacha dirishani lipigwe na jua. Mwezi umeinama kama mtu anayesinzia kwenye kikao, na vito vimeteleza vyote upande mmoja. Nimekaa nikachunguza kwa makini. Chanzo nimekijua: gundi ilikuwa kidogo. Nimeongeza mara mbili.

Jumatano, 5 Juni

Mke wangu amenishauri niseme na shemeji. Nimemwambia simba hafundishwi kunguruma. Akasema simba hana unga wa kumeremeta masikioni.

Taji limenyooka. Nimelitikisa, halikutikisika. Nimelivaa mwenyewe, nikatembea nalo sebuleni, nikainama, nikazunguka. Jirani akaniona dirishani. Nikampungia mkono kwa heshima, naye akafunga pazia lake.

Alhamisi, 6 Juni

Sina hamu hata ya kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Mazoezi yalianza vizuri, mimi na mke wangu tumekaa na wazazi wengine. Binti yangu aliingia, taji likawaka, mama mmoja nyuma yangu akaguna kwa kupendezwa. Nikageuka kumwambia mimi ndiye baba. Ndipo Mwalimu akaagiza taa kubwa ziwashwe.

Kito cha kwanza kilidondoka kwenye mzunguko wa kwanza. Nikadhani kimekosea. Kisha vikafuatana, tii, tii, tii, juu ya mbao. Nyota mmoja akakanyaga, akateleza, akamvuta mwenzake. Mwezi wangu wa kadibodi ukaporomoka polepole mpaka ukatua juu ya pua ya mtoto. Uzi mrefu wa gundi ukaning'inia kutoka sikioni kwake. Watoto wakacheka. Hata mpiga ngoma alicheka, mtu mzima yule!

Binti hakucheka. Alikimbilia nyuma ya jukwaa, nikamsikia akilia. Ilinikata maini. Shemeji alikaa naye, akimbandua gundi kwenye nywele kwa mafuta na kitana, taratibu, bila kuniangalia. Mwalimu amesema taji litashonwa na shemeji, na mjadala umefungwa.

Njia nzima mtoto alishika mkono wa mama yake. Mimi nilibeba mkoba.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeamka na huzuni. Binti amenipa shikamoo akiitazama sakafu. Onyesho ni kesho, na atavaa taji la mtu mwingine mbele ya ukumbi mzima, huku baba yake amekaa chini kama mgeni. Hapana. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mpango. Nimeomba ruhusa kazini kwa sababu ya tumbo. Nimetengeneza taji la pili, gundi mara tatu, vito vikubwa zaidi. Mke wangu alikuwa sokoni, mtoto shuleni, hakuna shahidi. Nimelificha nyuma ya kabati la nguo. Kesho nitajipenyeza chumba cha kuvalia, nitoe taji la Mama Sindano kwenye boksi, niweke langu. Mtoto akishalivaa na pazia limefunguka, nani atamvua?

Mchana nikatoka kwenda kujionyesha zahanati, ili uongo wa tumbo upate miguu. Foleni ilikuwa ndefu. Nimerudi jua likizama, nikamkuta shemeji mlangoni anaondoka, binti akimsindikiza. Wananong'onezana, wanacheka. Waliponiona wakanyamaza. Wananisengenya! Wacha wacheke. Anayecheka leo kesho atanyamaza.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi nimelitoa taji nyuma ya kabati, nikalifunga haraka kwenye taulo kabla mke wangu hajatoka kuoga. Nililipapasa kidogo. Gumu! Limekaza kuliko nilivyoliacha. Gundi hukomaa ikilala.

Chumba cha kuvalia kilijaa sketi za rangi ya fedha na akina mama wenye pini mdomoni. Nikajifanya natafuta choo. Boksi la Mwezi lilikuwa juu ya meza pembeni. Nikalifungua. Tupu! Hakuna taji, hakuna hata shanga. Nikaelewa mara moja: shemeji amesalimu amri. Ameona hawezi kushindana nami, akaona haya kusema. Nikamhurumia, kusema kweli. Nikatia langu humo na kufunga.

Nilipogeuka, binti alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilianza kueleza habari za choo. Hakungoja nimalize. Alifungua boksi, akalivaa taji, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Akaniambia nikakae mbele ili anione.

Nikakaa mbele. Taa kubwa zikawaka. Nilishika kiti kwa mikono miwili. Binti yangu akazunguka, akaruka, akainama mpaka chini, akainuka. Hakikudondoka hata kito kimoja! Nyota wakamzunguka na vibanio vyao, lakini macho yote yalikuwa kwa Mwezi. Nilipiga makofi mpaka mikono ikaniuma, nikamwambia jirani yangu wa kulia, na wa kushoto, na wa nyuma, kwamba gundi ni mara tatu.

Jumapili, 9 Juni

Leo nililigeuza taji ili nilifute vumbi. Kwa ndani, uzi. Uzi mweupe kila mahali! Kila kito kimeshonwa, na mwezi wenyewe umefungwa kwenye mkanda kwa mishono midogo midogo. Nikamwita mke wangu, nikauliza nani ameharibu mali yangu.

Akaweka pasi chini, akanieleza bila haraka. Juzi mtoto alirudi kutoka shuleni, akatafuta viatu vyake vya dansi nyuma ya kabati, akaliona. Akalipeleka kwa mamdogo wake. Shemeji alikuwa tayari kushona jipya, mtoto akakataa. Alisema anataka kucheza na la Baba, ila lisidondoke. Wakakaa wote wawili alasiri yote wakishona, kisha wakalirudisha nilipolificha, nisije nikajisikia vibaya. Mwalimu alijua. Mpiga ngoma alijua.

Nilikaa kitako. Machozi yalinilenga, siwezi kuficha. Mtoto alichekwa na kikundi kizima kwa sababu yangu, na bado alitaka la Baba. Nilimwita, nikamkumbatia, akasema namtia unga wa kumeremeta kwenye nguo ya kanisani. Nikamkumbatia hivyo hivyo.

Baadaye nilinawa uso nikalitafakari jambo lote kwa utulivu. Sindano imepita kwenye taji lile mara zisizo na idadi. Limetobolewa, limevutwa, limekazwa. Na bado gundi yangu ilishika! Gundi ya kawaida ingevumilia mateso yale? Wala! Shemeji, bila kujua, ameijaribu kazi yangu kwa mtihani mkali kuliko taa zozote, nayo imefaulu.

Mwalimu amesema onyesho lijalo litahusu ndege. Vilemba vya manyoya kwa watoto wote, na mikia. Kazi kubwa hiyo, haiwezekani kwa uzi. Nimeshamsamehe shemeji. Kesho nanunua bastola ya pili, ya mkono wa kushoto.