Kajuju wa Chelo na Meneja Wake

Jumatatu, Aprili 7

Barua imefika! Chuo cha muziki huko Afrika Kusini kimemwandikia Kajuju. Wanataka kumsikia. Kajuju ni mtoto wa dada yangu Kanana, hapa Kanyakine, na simjui binti mwingine Meru nzima anayepiga chelo, ile fidla kubwa ambayo mtu huketi nayo akaibana kwa magoti. Mimi ni mjomba wake. Pia ni meneja wake. Muhuri ninao.

Masharti yao: vipande viwili vya muziki, virekodiwe bila kukatwa, bila maneno, bila kelele. Viwafikie kabla ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Akipita, ni miaka minne ya bure, mpaka chakula. Asipopita, basi. Ana miaka ishirini na mbili na mwakani atakuwa amepita umri wao. Ati amepita umri! Mimi nina hamsini na tatu na ndio kwanza naanza.

Mwalimu wake, Bi. Wamuyu wa Embu, akapiga simu. Chelo ni yake, amemwazima Kajuju miaka mitano sasa. Anataka Kajuju aende kesho arekodiwe sebuleni kwake. Ameshapanga magodoro ukutani ili sauti isirudi. Nikamuuliza, na meneja atakaa wapi? Akasema meneja anaweza kukaa nyumbani.

Ebo! Nilimwambia Kanana kwamba nimeumia. Sikuongeza neno. Huku kwetu mjomba akisema ameumia inatosha. Binti hatoki kwenda mbali mjomba wake akiwa amenuna, safari itaharibika, hata mtoto wa nasari anajua. Kanana alinichinjia kuku papo hapo. Kajuju akaambiwa ampigie mwalimu amwambie hapana. Alinitazama kidogo. Kisha akasema, sawa mjomba.

Kuku alikuwa mgumu.

Jumanne, Aprili 8

Tulirekodi kanisani. Yaani, karibu turekodi. Katekista Kaimenyi alitupa ufunguo mpaka saa nane. Nilialika kwaya, wazee wa kanisa, na wote walioniondoa katika uongozi wa kwaya mwaka juzi, waje wajionee. Wimbo wa kufungua. Maombi. Hotuba yangu kuhusu vipaji vya vijana, dakika arobaini na tano. Ningeifupisha, lakini watu walikuwa wametulia kabisa, wengine mpaka wamefumba macho.

Kajuju alikaa na chelo yake akitazama dirishani. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka mlimani. Aliniashiria mara mbili. Nilidhani ananipongeza.

Alipiga dakika mbili. Mvua! Na kanisa lile ni mabati matupu. Sikusikia chelo hata kidogo, nilikuwa nauona mkono tu ukienda na kurudi. Kwaya nao wakaanza kuimba ili wazidi mvua. Kaimenyi akasema ni baraka hiyo.

Kajuju aliikausha chelo kwa leso, polepole, kila upande. Akaniuliza kwa heshima kama kesho anaweza kwenda Embu. Nikamwambia ngoja nitafakari. Nimetafakari. Hapana. Wamuyu atajiona amenishinda.

Jumatano, Aprili 9

Nina akili! Watu hawajui tu.

Nimeketi nikijiuliza: Wamuyu anabandika magodoro ya nini? Ili sauti isirudi. Na ni kitu gani kinajaza chumba mpaka darini, laini, kisichorudisha sauti, ambacho Embu hawana na sisi tunacho? Miraa, mirungi ya kutafuna! Nikadandia gari mpaka soko la Kangeta kwa Kaburu, tuliyesoma naye. Ghala lake lilikuwa limejaa vifurushi vilivyofungwa kwa majani ya ndizi, kuta zote nne, mpaka juu. Nikapiga makofi. Hayakurudi. Nikaita jina langu kwa sauti kubwa. Halikurudi.

Kaburu amekubali kesho asubuhi. Ameonya jambo moja: saa saba kamili gari linapakiwa, kuwe na mtu ndani au kusiwe na mtu. Miraa ya jana hainunuliwi. Nikamwambia saa nne tutakuwa tumemaliza na kunywa chai.

Alhamisi, Aprili 10

Niandike ukweli. Tulifika saa tatu. Lakini meneja hawezi kurekodi tu kama mtu anayerekodi kuku. Palihitajika picha. Kajuju na chelo mbele ya miraa. Mimi na Kajuju. Mimi na chelo. Mimi na Kaburu na chelo. Halafu soko zima likataka kupiga picha. Saa saba kasoro dakika ishirini Kajuju akaniomba, tafadhali mjomba.

Nikaweka simu yangu juu ya gunia. Akaanza.

Kipande cha kwanza kilipita kama anapigia mtu mmoja tu, sikioni. Wachukuzi waliokuwa wamejikalia nje walisogea mlangoni kusikiliza. Nilimkumbuka marehemu mama yangu, jinsi alivyokuwa akiniita nikiwa shambani. Nililia. Mimi! Nikatamani kipande kisiishe, na kweli nilimpenda yule mtoto.

Akaingia cha pili. Katikati yake, saa saba kamili, mlango ukafunguka. Wachukuzi sita. Hawakusema neno, hilo niwasifu. Wakabeba. Kifurushi baada ya kifurushi. Kajuju alikuwa amefumba macho, hakuacha. Na kadiri ukuta ulivyoondoka, sauti ikabadilika. Ilianza ikiwa kwenye blanketi ikaishia kwenye tangi la maji. Mchukuzi mmoja akasimama karibu na simu yangu akitafuna. Dereva akapiga honi. Kajuju alipofumbua macho alikuwa ameketi peke yake katika ghala tupu.

Nikamwambia tutume, wazungu hawatajua. Akasema watajua, mjomba. Ilikuwa mara ya kwanza kunipinga.

Bi. Wamuyu kapiga tena. Sebule yake iko tayari tangu Jumatatu, Kajuju aje kesho, au hata usiku huu, alale kwake. Kanana alipiga magoti mbele yangu. Dada yangu mkubwa, magoti chini! Nikaona nisiwe mtu mbaya. Nimekubali. Lakini safari naipanga mimi, kwa sababu meneja ni nani?

Ijumaa, Aprili 11

Kajuju alikuwa amekata tiketi ya gari la saa kumi na mbili asubuhi. Nikaifuta. Nilikuwa nimempatia mahojiano redioni, kwenye kituo kimoja cha mjini, saa tatu. Msanii haendi kurekodi kimyakimya kama mwizi.

Mtangazaji alifika saa tano. Mahojiano, dakika nne. Nilijibu maswali yote. Nadhani nilijibu vizuri. Kajuju hakuulizwa, na muda wa kupiga chelo haukuwepo, kulikuwa na matangazo ya vifaranga.

Tukatoka saa sita inakaribia. Kajuju akaanza kuhesabu masaa kwa vidole. Nikamwambia atulie. Nilikuwa na mpango tangu jana! Pikapu ya Kaburu inapita Meru mjini ikielekea Nairobi na lazima ipite Embu. Ni gari gani Kenya hii linashinda pikapu ya miraa? Polisi wenyewe huipisha. Dereva ni Kivuti, wa Gachoka huko Embu, barabara ile anaijua kama ua wa kwao. Akaniambia saa tisa na nusu binti atakuwa kwa mwalimu anakunywa chai.

Kiti kilikuwa kimoja. Chelo walitaka kuifunga nyuma juu ya mzigo. Kajuju akakataa. Akaingia nayo mbele, imelala juu yake, shingo ya chelo nje ya dirisha, ameishika kwa mkono wa kushoto. Nikamwekea mkono kichwani nikambariki, kama mjomba anavyopaswa. Akasema asante mjomba.

Wameondoka saa nane kasoro. Kwa kweli gari linakimbia! Nimesimama barabarani mpaka vumbi likaisha. Nimefurahi sana.

Jumamosi, Aprili 12

Lilipinduka. Baada ya Chuka, kwenye kona.

Kivuti amechubuka paji la uso. Chelo ni kuni. Mkono wa kushoto wa Kajuju ulibanwa kati ya mlango na udongo. Madaktari wa Embu wamekata vidole viwili. Cha tatu wanakiangalia. Mkono wa kushoto ndio ule unaobonyeza nyuzi. Nilimuuliza daktari kama hawezi kujifunza kwa ule mwingine. Alikwenda kwa mgonjwa mwingine.

Waliokuwepo wanasema gari la pili la miraa lilifika mara moja. Mzigo ulihamishwa kwanza. Kisha ndipo wakamtoa Kajuju. Miraa iliingia Nairobi haijanyauka.

Bi. Wamuyu alikuwa amesimama kwa lango lake tangu saa nane. Ni yeye aliyempata hospitalini. Ni yeye aliyeweka sahihi ya kukubali upasuaji.

Nimelia chooni kwa Kanana ili wasinione. Nilijiuliza kama ni makosa yangu. Nimeangalia jambo hili kila upande, kwa haki kabisa. Kama mwalimu angekuwa anakaa Meru, nani angehitaji kusafiri?

Jumanne, Aprili 15

Nilikwenda Embu kumwona. Kanana alikuwa kando ya kitanda. Hakunisalimu. Hakuna aliyenipa kiti wala chai. Nimemwambia Kanana kwamba nimeumia, na akaendelea kukunja shuka. Sijawahi kuona jambo kama hilo katika ukoo wetu.

Nilikuwa nimepeleka ndizi na gazeti lenye ratiba ya mashindano ya kwaya. Kajuju alizungumza kwa upole. Akaniomba nikaribie. Akauliza kama ile rekodi ya Kangeta bado ninayo. Nikasema ninayo. Akaniomba niifute. Akasema hataki mtu asikie vidole ambavyo yeye hana tena, na hasa yeye mwenyewe asivisikie. Akasema hajawahi kuniomba kitu kingine maishani. Ni kweli, hajawahi.

Nikamwapia kama mjomba wake. Nikaifuta mbele ya macho yake, kwenye simu. Alishukuru, akageukia ukuta. Bi. Wamuyu alinisindikiza mpaka mlangoni. Akasema taratibu kabisa kwamba nisirudi. Nadhani uchovu unamsumbua.

Jumatatu ya Pasaka, Aprili 21

Niandike hili kabla sijasahau, kwa sababu siku moja watu watataka kujua ilianzaje.

Kajuju aliniomba nifute iliyo kwenye simu. Nimefuta. Kiapo ni kiapo. Ile niliyomwachia Munyi wa saiba, mwenye duka la intaneti, kwenye kompyuta yake Alhamisi ile hakuitaja, na mimi si mtu wa kuongezea mgonjwa maneno mdomoni. Munyi ameisafisha. Nimeweka sauti yangu mwanzoni, nikimtambulisha msanii, jina langu na namba ya simu, na tena katikati, pale anapotulia kidogo. Picha ni ile niliyompiga wodini Jumanne. Bandeji inaonekana vizuri. Nimeiita "Kajuju wa Chelo: Rekodi za Mwanzo".

Tumeipandisha mtandaoni leo saa tatu asubuhi. Mpaka sasa imetazamwa mara kumi na moja! Tisa ni mimi. Mtu mmoja, simjui, ameandika kwamba hajawahi kusikia kitu kama hiki, na kwamba alilazimika kusimamisha gari kando ya barabara. Ameuliza kama binti huyu ana rekodi nyingine.

Nimemjibu kwamba ziko nyingi, zinakuja. Kesho asubuhi na mapema naenda Embu, kumpelekea Kajuju habari njema.