Pedeli ya Kumrudisha Baba Kidoti

Jumatatu, 3 Machi

Naandika nyuma ya daftari la vipimo, maana kurasa za mbele zimejaa viuno vya wateja.

Leo imetimia miezi mitano tangu Baba Kidoti aende kupiga gitaa na bendi yake kwenye hoteli ya mji wa pili. Alisema wiki mbili. Aliondoka na gitaa, amplifaya na shati la mistari. Shati la kijivu aliliacha, kwa hiyo atarudi.

Mipango ya nyuma haikufaulu. Alipokaa mwezi mmoja nilimwambia paa linavuja. Akasema niweke beseni. Alipokaa mitatu nilimwambia Kidoti anakohoa. Akasema nimpe pole. Safari hii simwambii shida yoyote. Namwita kwa kitu anachokipenda.

Miaka yote alikuwa akiililia tremolo. Ni pedeli ndogo ya chuma. Unaikanyaga, sauti ya gitaa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama kifua cha mtoto aliyemaliza kulia. Hakuwahi kuipata. Alikuwa akipiga huku kidole chake cha mwisho kinazungusha kitufe cha sauti, mpaka kidole kinakufa ganzi, na Kidoti analala kabla wimbo haujaisha. Tulikuwa watatu chumbani na hakuna aliyekuwa na haja ya kwenda popote.

Fundi redio wa mtaa wa nyuma anazo tatu, zilizotumika. Nimeziona dirishani.

Jumanne, 4 Machi

Saa ya mapumziko nikaenda kwa fundi. Moja ya kijani, moja nyeusi, moja ya kijivu yenye kutu pembeni. Akaniuliza nataka ya namna gani. Nikasema inayotetemeka. Akasema zote zinatetemeka, dada yangu, ndiyo kazi yake.

Akanieleza: kitufe kimoja cha kasi, kingine cha kina. Hapo nikaelewa kuliko alivyotarajia. Kasi ni mguu wangu kwenye cherehani. Kina ni sindano inazama mpaka wapi. Akasema hajawahi kusikia ikielezwa hivyo, lakini si uongo. Zinatumia waya wa umeme wenye adapta, au betri ile ndogo ya pembe nne. Nimeandika nisije nikasahau.

Tatizo ni kwamba sijui kupiga gitaa hata uzi mmoja, na fundi anajua wimbo mmoja tu, tena hajui unavyoisha. Alinipigia mwanzo wake mara tisa, kila pedeli mara tatu. Nilikaribia kulia kwenye zote tatu. Machozi yangu si kipimo.

Jioni wifi yangu, dada yake Baba Kidoti, tunayepakana naye ukuta, akasema mchagua jembe si mkulima. Nikamwambia mimi ni mshonaji. Akasema basi mshonaji na anisikilize: yule mwimbaji wa bendi, mwanamke mwenye sauti nyembamba, amempa Baba Kidoti pedeli ya mwangwi.

Mwangwi. Kitu cha kurudia ulichokwisha kusema. Mimi nimerudia maneno katika nyumba hii miaka minne bila kuchomekwa ukutani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata namna ya kuchagua. Kidoti ana miaka miwili na nusu, na hakuna sikio linaloijua tremolo ya baba yake kama lake. Nikambeba mpaka kwa fundi, saa saba na nusu mchana. Sheria ni moja: itakayomlaza ndiyo hiyo.

Ya kijani, alicheza. Nyeusi, aliomba maji. Ya kijivu, kichwa kikaangukia begani kwangu kabla fundi hajafika pale wimbo unapomshinda. Nikajua. Fundi akasema huenda ndiyo saa yake ya kulala. Kuna watu hawawezi kuona jambo likinyooka.

Tumekubaliana. Nitazishonea spika zake saba nguo za kuzuia vumbi, naye atanipa ya kijivu na adapta yake. Kisha, huku anaangalia bisibisi yake badala ya uso wangu, akasema ametengeneza vitu vingi maishani, dada yangu, lakini mtu aliyerudishwa na pedeli hajamwona. Nikamwambia hajamwona kwa sababu hajajaribu.

Jumamosi, 8 Machi

Spika zimevaa. Kitambaa ni vipande vilivyobaki kwenye karakana ya ushonaji ninakofanya kazi, buluu ya sketi za shule. Nilikuwa nashona huku nawaza mambo mengine, mkono ukafuata mazoea, ukaweka marinda. Sasa spika saba zimesimama dukani kama wanafunzi asubuhi kabla ya kuingia darasani, wakubwa nyuma, wadogo mbele. Fundi alicheka mpaka akatafuta kiti.

Ikawa mwenye karakana yetu naye anapita kuchukua pasi yake. Alisimama mbele ya spika muda mrefu. Akasema kitambaa hicho anakijua, na mkono huo anaujua pia. Akasema kuanzia Jumatatu sigusi cherehani. Mwezi mzima natengeneza matundu ya vifungo kwa sindano ya mkono.

Si neno. Pedeli ninayo. Nimeishonea mfuko wenye sufi ndani, na herufi zetu tatu kwa uzi mwekundu. Ya Kidoti iko katikati, inatushika mikono.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempigia simu. Niliapa sitalaumu. Nikasema tu, nina tremolo.

Kisha akauliza ya aina gani. Nikasema ya kijivu. Akauliza kina chake kikoje. Nikasema kinazama. Akasema Jumapili anakuja.

Paa halikumleta. Kikohozi hakikumleta. Nilimpelekea wifi habari hizo akiwa anakunja nguo, na sikuficha meno. Akakunja mbili tatu, halafu akaniambia kaka yake anamjua tangu akitambaa. Yule ukimwekea kiti, atakuuliza mlango uko wapi. Nikasema huo ni wivu wa mtu mwenye ndugu wa kiume mmoja tu. Lakini jioni alikuja na kitana akanisuka nywele bila kuombwa. Mkono wake leo ulikuwa mwepesi.

Ijumaa, 14 Machi

Vidole vimejaa matundu kuliko mashati. Kazi ya mkono inampa mtu nafasi ya kuwaza, nami nimewaza hivi: akiichukua na kuondoka, je?

Jibu nimelipata. Adapta nimeificha kwenye droo ya cherehani yangu ya nyumbani, chini ya bobini za uzi. Pedeli bila umeme ni kipande cha chuma. Itabidi akae wakati naitafuta, nami nitaitafuta taratibu. Chakula kitaiva, Kidoti atamzoea, jua litazama.

Halafu nikaona kasoro. Bila umeme ataisikiaje? Nikakimbia kwa fundi, akanipa betri ndogo ya pembe nne, akaitia mwenyewe na kufunga mlango wake mdogo wa chini. Sasa kila kitu kiko sawa.

Kidoti namfundisha kukimbilia mlangoni akisema baba. Anaikimbilia ndoo.

Jumapili, 16 Machi

Alikuja saa nne asubuhi, na gitaa na amplifaya yake. Amekonda kidogo. Ana viatu nisivyovijua.

Kidoti hakukimbia. Alimpa mkono, akasema shikamoo kama anavyowaamkia wateja wangu, akarudi nyuma ya sketi yangu. Baba yake akacheka, akasema amekua. Kisha akauliza iko wapi.

Akapiga magoti, akaunganisha waya, akazungusha kasi, akazungusha kina. Akakanyaga. Mungu wangu, chumba kilirudi. Nyuma ya ukuta wifi aliacha kuosha vyombo. Nilisimama na mwiko mkononi, na kwa muda wa wimbo mmoja nilikuwa nyumbani kwangu.

Kidoti hakulala. Alisogea hatua moja, nyingine, mpaka akaweka kiganja juu ya kile chuma. Baba yake akakiondoa polepole, bila ukali, akasema asiguse, itaharibika.

Alisema nimechagua vizuri. Alisema hata yeye angechukua hiyo hiyo. Hayo aliyasema, siyatungi.

Kisha akauliza adapta. Nikasema nitaitafuta, akae kwanza, chakula kinakaribia. Akafungua mlango mdogo wa chini, akaiona betri, akasema haidhuru, hii inatosha. Wenzake wanamsubiri barabarani, kesho wanarekodi. Nikamwonyesha mfuko. Akaugeuza, akasoma herufi, akaurudisha mezani. Akasema unachukua nafasi tu.

Shati la kijivu pia alilichukua. Lilikuwa limepigwa pasi. Mimi ndiye niliyelipiga.

Jumanne, 18 Machi

Wifi alikaa nami jana jioni, akishika upande wa pili wa mashati ili nitoboe vizuri. Hakusema nilikwambia. Nilimngoja aseme. Hakusema.

Kidoti amemlaza mwanasesere wake ndani ya ule mfuko. Unamtosha kabisa, kama aliyepimwa.

Nimekaa nikafikiri vizuri. Mpango haukuwa mbaya, ulikosea mahali pamoja tu. Adapta bado ninayo mimi, na betri huisha. Saa ya mapumziko nikapita kwa fundi kumuuliza hudumu muda gani. Akaweka bisibisi chini. Akanitazama kidogo, akatazama spika zake zenye marinda, akasema inategemea mtu anapiga mara ngapi. Nikamuuliza pia kama dirisha lake halihitaji pazia, maana ile ya kijani bado ipo.

Naomba apige sana. Kila siku, nyimbo ndefu. Hata huyo mwimbaji aimbe mpaka sauti imkauke. Apige tu, asipumzike.