Jogoo Wanne wa "Tutacatch Up"

Boniface Khisa,
Makongeni, Thika.

Kwa Mheshimiwa Chifu,

YAH: OMBI LA KUDHIBITIWA KWA NENO "CATCH UP"

Nakusalimu kwa heshima, nikijua una kazi nyingi na wagema wa chang'aa peke yao wanakutosha. Lakini haya yamenifika shingoni. Usipoingilia kati, mwisho wa mwezi nitafukuzwa katika nyumba niliyoishi tangu nilipoajiriwa kiwandani, na kosa langu ni kuamini watu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Rafiki yangu Odhiambo, ambaye tulipakia naye biskuti meza moja hadi tukastaafu, alihamia Gitothua kule Ruiru. Siku ya kuagana aliniambia, "Khisa, usijali, tutacatch up." Sikulijua neno hilo. Nikamuuliza Janice, binti wa kaka yangu, akanieleza kwamba ni kukutana, kuketi, na kupeana habari za siku zote ambazo hamkuonana. Nililipenda sana. Nasi Wabukusu, mtu akisema atakuja, kuku wake hutengwa siku hiyohiyo, na firigisi haiguswi na mwingine. Nikamtengea Odhiambo jogoo mdogo. Sasa ni mkubwa, na Odhiambo sijamwona.

2. Janice mwenyewe, mwalimu wangu wa neno hili, huniandikia, "Uncle, tucatch up soon!" Nilipomuuliza soon ni siku gani, alinitumia picha ya kikatuni kinachocheka. Nimemtengea jogoo hata hivyo, maana hajakataa.

3. Dev, mtoto wa mwenye kiwanda, alinishika mkono mbele ya wafanyakazi wote siku ya kustaafu kwangu, akasema lazima tucatch up. Kwao hawali nyama kabisa. Lakini mgeni ni mgeni, sikutaka aonekane amebaguliwa. Jogoo wake ndiye mnene kuliko wote.

4. Jogoo hawa huwika kwa zamu, na ploti nzima haipumui. Landilodi wetu, Bwana Kagwe, alikuja amekasirika, akasema kufikia mwisho wa mwezi kuku watoke au nitoke nao. Nilianza kumweleza habari za wageni wangu. Akatazama saa, akasema, "Mzee, hiyo story tutacatch up." Utanielewa, Chifu, kwamba sikuwa na njia nyingine. Jogoo wake ndiye wa nne.

Kwa hiyo naomba serikali iamue kwamba yeyote atakayetamka neno hilo ataje siku na saa mbele ya naibu wako. Asipotokea, askari wamlete Makongeni, aketishwe kwenye kiti changu na anywe chai mpaka habari ziishe. Kama hilo ni gumu, basi neno lirudishwe kwa Waingereza, ambao nasikia kwao hakuna anayengojewa na kuku.

Sitakuficha, nina upweke. Kiwandani nilichoka lakini niliongea kutwa nzima. Siku hizi hata nikisikia kitu cha kuchekesha, nakaa nacho tu.

Wasalimie wazee wa mtaa, karani wako, na mama anayetuuzia chai pale langoni kwako.

Wako mtiifu,
Boniface Khisa

N.B. Sijafunga bahasha, Odhiambo amepiga simu. Anakuja kesho, na anauliza abebe mkate au sukari. Tafadhali, Chifu, usichukue hatua yoyote. Yule jogoo wake huja kusimama mlangoni kila jioni nikiketi nje, na habari zote nilizomwekea Odhiambo nimekuwa nikimsimulia yeye. Kisu nimekinoa, kimenishinda. Kumchinjia mgeni jogoo wa mwenzake nayo ni aibu. Nimemwambia Odhiambo kwamba wiki hii nimebanwa, tutacatch up. Naye akaniuliza ni lini.