Mlango wa Mvule wa Magdalena

Jumatatu, 4 Novemba. Nshamba, Muleba.
Mwaka na ushee tangu nitoke Kibondo kuja kupasua mbao. Mikono imeota magamba. Nyumba yangu kule bado inafungwa kwa gunia. Mbuzi wa jirani wameingia tena, wamekula unga. Mke wangu Magdalena kasema kwenye simu nisirudi bila mlango. Hakuwa anatania.

Lakini Mungu yupo! Upepo umeangusha mvule shambani kwa bibi Kokuberwa, tunakopanga mimi na Mwijage, mpasuaji mwenzangu. Mvule ukaangukia mhumula, mti mwingine wa mbao, nao chali. Bibi kanipa mvule, Mwijage kapewa mhumula. Mwijage akaniharibia furaha papo hapo: eti hata mti ulioanguka wenyewe lazima uandikishwe ofisi ya kijiji, bwana misitu aje Ijumaa aupime, agonge alama kwa nyundo yake, ndipo upate hati ya kusafirisha. Ijumaa! Yeye atangoja. Mimi nilifika darasa la tano, sina haja ya kungoja.

Jumanne, 5 Novemba.
Nimepata! Kizuizini barabarani wanakagua mbao na magogo. Vyombo vya nyumbani hawagusi. Nani amewahi kudaiwa hati ya mwiko? Sasa, Wahaya hukanyagia ndizi za pombe ndani ya mtumbwi wa mti, wanauita obwato. Nusu ya gogo nachonga obwato, napita nao, Kibondo naupasua mlango. Nimechonga kutwa. Mwijage kauliza mlango utatoka wapi, kwenye shimo? Wivu. Utatoka ubavuni.

Jumatano, 6 Novemba.
Obwato tayari. Shida: unang'aa mno, watashtuka. Nimemwomba bibi aukandie ndizi mara moja tu, upate madoa na harufu. Bibi kapiga kigelegele. "Waitu, mwanangu! Nilidhani nitakufa sijaona obwato mpya!" Sikuelewa furaha hiyo inatoka wapi. Majirani wakaja na ndizi mbivu na nyasi. Tumekanyaga mpaka jasho. Nimekanyaga kuliko wote, mali ni yangu.

Ijumaa, 8 Novemba.
Rubisi, pombe yenyewe ya ndizi, imeiva. Nusu ya kijiji imekuja. Na bwana misitu, Rugaibula, kaja kwa ajili ya mhumula wa Mwijage. Kapima, kagonga nyundo, kaandika hati, hata jua halijawa kali. Nikampa kibuyu haraka ili asitazame upande wangu. Akasifu rubisi. Akasifu na chombo. Akauliza ni mti gani huu wenye rangi nzuri hivi.

Nami kibuyu nilichokuwa nanywa hakikuwa cha kwanza. Nikasimama nikatangaza: mvule, nimeuchonga mwenyewe, unakwenda Kibondo kuwa mlango!

Mwijage akajifunika uso kwa kofia.

Rugaibula hakufoka. Kasema obwato umezuiliwa, usitoke kijijini, bibi autunze. Bibi akaeleza kwa huzuni kwamba usipokandiwa kila wiki utapasuka, basi atajitahidi hivyohivyo. Wakampigia makofi! Nusu ya gogo iliyobaki, kasema Rugaibula, niiandikishe, Ijumaa ijayo ataigonga nyundo, mlango utatoka na fremu yake. "Wiki moja tu, ndugu yangu." Nikaitikia kwa adabu.

Jumapili, 10 Novemba.
Jana Mwijage kaondoka na mbao zake. Kapiga simu: kizuizini wamesoma hati, wamemtakia safari njema. Kujionyesha tu. Lakini kaniambia jambo bila kujua thamani yake. Mbele ya gari lao lilipita gari la msiba. Walinzi wakavua kofia. Jeneza hawakuligusa!

Wiki moja ya nini? Mbuzi hawangoji. Gogo lililobaki linatosha jeneza: mbao pana, misumari michache, nikifika nalibomoa, mlango huo. Likiwa tupu litagongagonga na kutia shaka, kwa hiyo nitalala ndani mwenyewe. Dereva wa lori la ndizi liendalo Kibondo kakubali, mradi nisikorome.

Nitafika nyumbani Alhamisi, kabla Rugaibula hajainua nyundo! Lori litaniteremsha pale penye gunia. Magdalena sijamwambia kitu. Nataka afurahi ghafla.