Ya Bluu Haidondoshi Hata Tone

Jumamosi, tarehe 2 Juni

Leo nimeitwa. Nilijua tu nitaitwa.

Mpwa wangu ana kampuni ya usafi. Kampuni ni yeye mwenyewe, wanawake watatu, ndoo kumi na moja, na mashine moja ya kusugulia sakafu yenye uzito wa ndama. Sasa amepata kazi kubwa: zahanati ya macho, kila alfajiri, kabla wagonjwa hawajafika. Anaanza Jumatatu ya tarehe 11. Saa moja kamili asubuhi sakafu iwe imekauka. Msimamizi wa zahanati, mama mmoja wa viatu vyeupe, amemwambia wazi kwamba wakichelewa siku ya kwanza, wasijisumbue kurudi siku ya pili.

Mpaka leo wanatumia gari la kukodi ambalo huwaka siku likijisikia. Mwezi uliopita liligoma, na ofisi ya mawakili ikatafuta watu wengine. Kwa hiyo anataka vani yake mwenyewe. Si lazima iwe nzuri, amesema. Iwe ya kuaminika. Neno hilo amelirudia mara nne huku akinitazama usoni. Sijui kwa nini.

Nikamwambia, mwanangu, hapa ndipo umefika. Mimi ndiye niliyeteremsha lori la mbao kwenye mlima wa kona arobaini, bila breki, kwa honi peke yake. (Kona zilikuwa kumi na tisa, ila nyingine nilizipita mara mbili.) Injini zinanijua. Darasa la saba nililiacha mimi, si lenyewe lililoniacha, na niliondoka nimeshajua kilichokuwamo.

Akasema ahsante sana Mjomba. Halafu akasema amemwomba na Fundi Kimya aje atazame pia.

Fundi Kimya! Mtu ambaye ujuzi wake wote ni kunyamaza mpaka watu wadhani anafikiri.

Jumatatu, tarehe 4 Juni

Kwa muuza magari. Huyu anavaa miwani ya jua hata akiwa chini ya bati. Ameniita mkurugenzi kabla sijafungua mdomo. Mtu mwenye macho.

Vani za saizi yetu ni mbili.

Ya kwanza nyeupe. Ilikuwa ya kupelekea mikate. Mlango umebonyea, kiti kimechanika, ndani inanuka hamira. Sifa yake moja ni kijitabu cha matengenezo chenye mihuri toka mwanzo hadi mwisho, kama cheti cha mtoto asiyejua kucheza.

Ya pili ya bluu. Nilipoiona nilivua kofia. Inang'aa. Ina mapazia. Honi ina sauti mbili, moja ya kuonya na moja ya kusalimia. Kiti cha dereva kiko juu kiasi kwamba nilipokaa nikaona paa la duka la jirani.

Nikafanya kipimo changu. Sikio juu ya boneti, macho yamefumbwa, pumzi imezuiwa. Nyeupe inanong'ona kama karani. Bluu inaguruma kama mzee aliyeshiba. Nikatangaza matokeo.

Fundi Kimya alikuwa chini, miguu tu inaonekana. Akatoka, akafuta mikono, akanyamaza. Mpwa akamwuliza. Akasema ile ya bluu imeoshwa chini ya injini juzijuzi tu, kwa maji ya nguvu, na yeye anajiuliza kwa nini mtu aoshe mahali pasipoonekana.

Nikamjibu kwamba huo unaitwa usafi. Na sisi ni kampuni ya usafi! Mpwa akauma mdomo ili asicheke. Nilidhani nimeshinda.

Ndipo Fundi Kimya akatoa maneno yake ya mwaka mzima. "Zilale kwako siku tatu. Sakafu itasema."

Yaani zikae uwanjani kwa mpwa, nyuma ya stoo, kwenye saruji nyeupe. Mchana ziendeshwe kidogo, jioni ziegeshwe, asubuhi tuone nini kimedondoka. Muuza magari hakupenda, lakini uwanja wake umejaa na ananusa mnunuzi. Akakubali mpaka Ijumaa.

Na nani amepewa kazi ya kuandika kila asubuhi kilichodondoka? Mimi. Kazi ya kuandika haipewi mtu asiyesema.

Jumanne, tarehe 5 Juni

Nimeendesha ya bluu mpaka sokoni na kurudi. Watu watatu wamenipungia mkono. Kwenye taa za barabarani ilitoa moshi kidogo. Moshi wa heshima, mweupe kwa mbali. Mwenye baiskeli nyuma yangu alikohoa kupita kiasi. Wapo watu wa hivyo.

Fundi Kimya aliendesha nyeupe. Hakuna aliyempungia.

Jumatano, tarehe 6 Juni

Nilipaswa kufika mapema. Chai ilikuwa ya moto, nikafika saa mbili na nusu.

Sakafu inang'aa. Nikainama mpaka goti likalia. Chini ya bluu, hakuna kitu. Hata tone! Nikaandika kwa herufi kubwa: BLUU, SIFURI. Chini ya nyeupe nako sifuri, kwa bahati mbaya.

Mama Dekio alikuwa pembeni anakamua vitambaa. Huyu ni mfanyakazi wa kwanza wa mpwa wangu, mwanamke wa mgongo imara na maneno makali. Huwa anafika saa kumi na mbili. Akaanza kunilalamikia kwamba vitambaa vinakwisha, kwamba siku hizi uwanja umekuwa kama gereji. Nikamwambia malalamiko ya vifaa yapelekwe kwa mwenye kampuni kwa maandishi, mimi niko kwenye uchunguzi.

Lakini sifuri kwa sifuri hainisaidii. Mpwa atasema zimelingana, kisha atasikiliza ule ukimya wa Fundi. Nyeupe lazima ianguke.

Jioni nikarudi peke yangu. Nilikuwa na kopo la oili chafu la toka enzi za pikipiki yangu. Nikajaza kikombe changu cha chai, kile cha enameli chenye ua jekundu, nikamimina chini ya nyeupe, nyuma kidogo ya tairi la mbele. Duara zuri, jeusi, limeiva. Huko si kudanganya. Nimeusaidia ukweli ufike mapema.

Alhamisi, tarehe 7 Juni

HAIPO.

Nimefika saa mbili. Chini ya nyeupe pakavu. Nimepapasa kwa kiganja. Nimelala chali kama Fundi. Kikombe kizima cha oili kimetoweka kama hakikuwahi kuwapo!

Nimefikiri asubuhi nzima, nikapata jibu. Ni saruji. Saruji za siku hizi zinakunywa. Zamani ulimwaga kitu kikakaa pale mpaka wajukuu wakione. Kwa dakika moja nikajiuliza kama saruji hiyohiyo haijanywa pia oili ya bluu. Lakini ya bluu haidondoshi, kwa hiyo swali lenyewe halipo.

BLUU, SIFURI. Siku ya pili mfululizo.

Mama Dekio akaja tena na ndoo yake, anataka kujua nani anamwaga uchafu, mgongo unamuuma. Nikampa pole. Nikamsimulia mgongo wangu mwaka ule nilipoinua basi abiria wakiwa ndani. Akaondoka kabla sijafika kwenye abiria.

Ijumaa, tarehe 8 Juni

Nitaandika yaliyotokea kama yalivyotokea, kwa sababu kuna watu wataeneza uongo.

Saa kumi tulikusanyika uwanjani. Mpwa, Fundi Kimya, mimi, na muuza magari na miwani yake. Funguo zote mbili juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nikasoma taarifa yangu nimesimama. Siku tatu, bluu sifuri, sifuri, sifuri. Nikasema tunayo sasa vani kavu, yenye sauti, yenye mapazia, na kwamba wateja wa zahanati wakituona tunashuka ndani yake watapona macho bila dawa. Mpwa akautazama ule ufunguo wa bluu. Akanyoosha mkono. Nilimwona!

Fundi Kimya hakuwa anatazama daftari. Alikuwa anatazama saruji. Akamwita Mama Dekio, akamwuliza kwa upole anafika saa ngapi. Saa kumi na mbili. Akamwuliza akifika huanzia wapi.

"Si hapa?" akasema Mama Dekio. "Chini ya hili la bluu kila nikija nakuta dimbwi. Nafuta. Mimi nikiona doa siwezi kulipita, baba, huu ni mwaka wa kumi na nane. Nilidhani mnajua."

Akaenda akaleta ndoo ya vitambaa. Vilikuwa vyeusi. Vyote. Alikikamua kimoja mbele yetu, na kilichotoka hakikuwa maji. Muuza magari akakumbuka simu aliyotakiwa kupiga.

Mpwa akauliza, na nyeupe je?

Mara moja tu, akasema Mama Dekio. Jana. Dogo, la duara, limekaa vizuri kama limemiminwa kwa kikombe.

Sijawahi kusikia uwanja ukiwa kimya namna ile. Hata Fundi, ambaye ni kazi yake, alionekana kuzidiwa. Mpwa akageuka polepole.

"Mjomba, kikombe chako cha chai kiko wapi?"

Nikasema vikombe si ajenda ya kikao hiki.

Angenifokea ningejua la kufanya. Hakufoka. Alisema wanawake watatu na watoto wao wanakula kwa hiyo vani, na yeye ameshafukuzwa mahali pamoja kwa sababu ya gari. "Ulitaka Jumatatu tuwe barabarani tunasukuma?" Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu. Akachukua ufunguo wa nyeupe.

Nyumbani mama watoto amekinusa kikombe, akakitoa nje, akakiwekea mchanga wa kusugulia sufuria. Leo nimekunywa chai kwa bakuli.

Jumapili, tarehe 10 Juni

Sijatoka. Nimepumzisha sikio.

Jumatatu, tarehe 11 Juni

Alfajiri nikawa getini kwa mpwa kabla ya kuitwa. Siku kubwa kama hii haiendi bila mzee. Akanitazama, akatazama saa, akasema panda Mjomba, lakini nyuma.

Nyuma! Nimesafiri nimebanwa kati ya mashine ya kusugulia na ndoo, dekio limenilalia shingoni kama mtoto mwenye homa. Vani nyeupe iliwaka mara moja, bila kelele, bila historia. Gari lisilo na tabia kabisa. Tukafika kabla ya saa kumi na moja na nusu.

Walifanya kazi kama watu wanaozima moto. Mpwa alisukuma mashine mwenyewe, jasho linadondokea sakafuni na Mama Dekio analifuta nyuma yake. Mimi nilisimamia kutoka mlangoni. Saa kumi na mbili na nusu korido la mwisho lilikuwa bado bichi. Wakafungua madirisha yote. Mpwa akawa anapepea sakafu kwa kipande cha boksi, amepiga magoti, midomo inatembea. Nikachukua kipande kingine nikapepea nami. Hilo sikulipanga, mikono ilienda yenyewe.

Saa moja kasoro dakika mbili vile viatu vyeupe vikaingia. Msimamizi akatembea korido lote. Mwishoni akainama, akaweka kiganja sakafuni, akakitazama. Hakukifuta popote.

"Kesho tena," akasema.

Mpwa akatoka nje, akaegemea ule mlango uliobonyea, akaficha uso. Mabega yakawa yanacheza. Mama Dekio akasimama kando yake na ndoo, anatazama upande mwingine. Nikaona huo ndio wakati wa kumtia moyo. Nikamwambia, unaona sasa mwanangu? Bila kikombe changu kesi ingekosa ushahidi. Kile kikombe ndicho kilichokuchagulia hii vani.

Akaniangalia, macho mekundu. Kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Nimezipokea shukrani zake.

Jumanne, tarehe 12 Juni

Siku njema kupita zote!

Muuza magari amenipigia. Anasema maisha yake yote hajawahi kuona mtu akiisifu ile ya bluu kwa mapenzi kama yangu, hata mwenyewe hajaweza. Ananitaka uwanjani kwake, mshauri wa wateja. Nimeuliza kama nitapewa miwani. Tunaongea.

Na mteja wa kwanza nimeshampata. Jana getini pa zahanati nilijitambulisha kwa msimamizi kama mkuu wa usafiri wa kampuni. Kumbe mama wa watu anatafuta gari la kubebea mashuka na nguo za wagonjwa. La kuaminika, akasema. Nikamwambia lipo. La bluu, lina mapazia, na halidondoshi hata tone. Asitegemee neno langu, mimi nina kumbukumbu zilizoandikwa asubuhi tatu, kwa mkono wa aliyeshuhudia.

Akasema yeye haamini karatasi. Nikamwambia vizuri sana, basi tulilaze uwanjani kwake siku tatu, sakafu yenyewe iseme. Ameafiki. Linaletwa kesho jioni. Na ule uwanja, kwa bahati, unapigwa deki kila alfajiri na watu wetu. Bado kuongea na Mama Dekio tu.

Mpwa sijamwambia. Nataka afurahi ghafla.