Hata Paka Ana Mlima

Jumapili, 2 Machi

Nimerudi nyumbani natetemeka kwa hasira. Daktari wa meno kapata mlima mwingine! Wa tatu huu!

Sheria ya chama chetu cha baiskeli ni moja. Mlima mpya ukipatikana, wote tunaupanda pamoja, na wa kwanza kufika juu bila mguu wake kugusa ardhi ndiye anayeupa jina. Sheria nzuri. Niliiunga mkono mimi mwenyewe, kwa sauti kubwa, kabla daktari hajajiunga.

Wa kwanza aliuita Mlima wa Daktari. Haya. Wa pili akauita Mlima wa Mke wa Daktari. Nikameza mate. Leo, sisi wengine tumelala kwenye nyasi tunahema, yeye amesimama anajifuta jasho kwa leso iliyopigwa pasi, katangaza kwamba huu utaitwa Mlima wa Paka wa Daktari. Watu wakapiga makofi. Paka! Mnyama ambaye hata kushuka kwenye kochi ni mpaka abembelezwe!

Na kibao atachora nani? Mimi. Kuchora mabango ndiyo kazi yangu, na mwenyekiti anasema huo ndio mchango wangu kwa chama. Kwa hiyo milima yote ya hapa karibu ina herufi zangu na majina ya watu wengine. Nimemweleza mke wangu uchungu huu. Kasema kinyozi hajinyoi. Nikamwambia mimi si kinyozi. Chai nikaiacha mezani.

Jumatatu, 3 Machi

Nimechora kibao cha paka. Daktari alitaka na picha. Nimemchora. Mchana daktari kapita karakana, katazama, kasema kwa upole kwamba paka wake ni mnene zaidi ya hapo. Nikamnenepesha! Mtu mzima, nina brashi mkononi, namnenepesha paka!

Alipoondoka nikaapa mbele ya makopo yote ya rangi. Nitatafuta mlima wangu. Mgumu. Wa karibu. Wa kumtoa daktari ulimi nje.

Jumatano, 5 Machi

Kutafuta mlima si mchezo. Jioni nimejaribu ule wa nyuma ya tangi la maji. Nikaona unafaa, mapafu yanawaka, nikaanza kufikiria jina. Hapo akanipita muuza mayai, trei zimefungwa nyuma ya baiskeli yake, anaimba. Akanisalimia katikati ya ubeti. Mlima huo nimeufuta.

Nikaenda wa machimbo ya mawe. Huo ni mkali kweli. Nilipanda kidogo, nikasimama, kisha nikaanza kurudi kinyumenyume nikiwa bado napiga pedali kwenda mbele. Sikujua jambo hilo linawezekana.

Shida nimeiona. Nahitaji mlima utakaomshinda daktari usinishinde mimi. Na yule ana mapaja kama magogo. Mlima wa namna hiyo sidhani kama umeumbwa.

Ijumaa, 7 Machi

Umeumbwa! Na mpumbavu ni mimi, kwani naujua miaka yote. Ni barabara ya kwenda kwa mama mkwe!

Lami safi. Mwanzo wake unadanganya, halafu inakuja kona moja ya kuvunja moyo, halafu inanyooka juu mpaka kwenye geti lake, na kilele kiko mbele kidogo tu ya geti. Hakuna mwanachama anayeijua. Mimi mwenyewe sijaipanda muda mrefu, kwa sababu nilimwambia mama mkwe kwamba nina goti. Sina goti. Yaani ninalo, lakini zima. Tatizo ni kwamba kila nikienda kumsalimia nakuta kazi inanisubiri. Mara ukuta, mara dirisha, mara banda la kuku. Kwa kuwa mkwe ni mchora mabango, basi kila kitu kipakwe rangi! Ndipo nikapata goti. Maskini, huwa analiombea. Alinitumia hata chupa ya dawa ya kuchua.

Sasa nifanye mazoezi vipi bila kuonekana? Baraza lake linatazama barabara yote. Halafu kuna jambo la kaptura. Kaptura ya baiskeli inabana, haifichi kitu. Huwezi kupita mbele ya mama mkwe na kaptura ile. Kuna adabu duniani.

Nimepata dawa. Nitajifunga skafu usoni, ile nyekundu, nibaki macho tu. Nitapanda alfajiri. Akili ni nywele!

Na kibao nimeshachora. MLIMA WA FUNDI. Herufi za dhahabu, kivuli cheusi, mapambo pembeni. Nimekificha nyuma ya makopo.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya tatu ya mazoezi. Juzi kona ilinishinda. Jana kona ilinishinda na mbwa wa jirani akanifukuza. Nilishuka haraka kuliko nilivyowahi kupanda. Sina ugomvi na mbwa, lakini yule nina ugomvi naye.

Leo nimeipata siri. Ukikata kona kwa ndani, ni ukuta, pedali zinakataa. Ukiizunguka kwa nje, njia ni ndefu zaidi lakini miguu inapumua. Daktari hataijua siri hiyo. Daktari hupenda njia fupi, ni mtu wa kung'oa.

Nimefika juu bila kukanyaga chini! Nikarudi mpaka getini kwa mama mkwe, nikalishika geti nipate pumzi, nikachungulia juu ya ukuta kama kuna mtu aliyeniona. Pazia likatikisika. Nikatimua mbio.

Alhamisi, 13 Machi

Mke wangu kaja karakana amebadilika uso. Kasema mama yake ana mwizi. Kila alfajiri linakuja jitu limefunika uso kwa kitambaa chekundu, linahema kama ng'ombe, linashika geti, linachungulia ndani, halafu linakimbia na baiskeli. Lina miguu ya mbu.

Miguu ya mbu! Nusura nijitetee.

Akaniomba nikalale kwa mama yake mpaka mwizi akamatwe. Nikamwambia goti. Akanitazama kwa macho ambayo sikuyapenda. Akasema mama hapati usingizi, anakaa kitandani na taa inawaka mpaka kunakucha. Akasema basi, majirani wamejipanga, mume wake abaki na goti lake.

Nikajisikia vibaya. Mama mkwe ni mtu mzima, na hajawahi kunikosea zaidi ya kunipa kazi. Kidogo nitamke ukweli. Kisha nikamkumbuka yule paka.

Nitamwambia baada ya Jumapili. Na hao majirani wamejipanga kwa ajili ya mwizi, mimi yananihusu nini?

Jumapili, 16 Machi

Mwandiko ni mbaya kwa sababu ya bandeji.

Asubuhi niliwapeleka wanachama chini ya mlima. Nikawaambia nimegundua kitu. Mwenyekiti akatazama juu akauliza kama nina hakika. Nikajifunga skafu, nikasema ni vumbi. Tukaanza.

Konani wote wakaingia kwa ndani, kama nilivyopanga. Mwenyekiti akaenda chini, akaangukiwa na mhazini, akaangukiwa na mke wa mhazini. Mimi nikazunguka nje, laini! Nikatokea wa kwanza! Nyuma yangu daktari peke yake, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akihema. Sauti tamu kuliko muziki. Geti lile kule, kilele kile kule, nikaanza kucheka ndani ya skafu.

Ukuta wa michongoma ukafunguka wakatoka majirani. Wenye mafagio, wenye sufuria, na wawili wakavuta kamba ya kuanikia nguo wakaikaza barabarani. Mmoja akapiga kelele, "Ndiye! Miguu ni ile ile!"

Mguu wangu ukagusa ardhi. Wa pili ukafuata. Halafu mgongo, halafu pua.

Daktari akafika. Hakushuka! Alizunguka taratibu palepale kwenye baiskeli, kiduara, kiduara, mguu haugusi chini, akawaeleza kwa adabu kwamba huyu si mwizi, huyu ni fundi wetu wa mabango, tafadhali wasimpige kwenye mikono. Wakamwelewa. Wakamshukuru! Kisha wakamshushia kamba, naye akaipita, akaenda zake kileleni.

Mama mkwe akatoka ameshika mwiko. Akanifungua skafu mwenyewe. Akanitazama usoni. Akatazama kaptura, akageuza macho haraka, akaingia ndani, akarudi na kitambaa cha meza akanitupia nijifunge kiunoni.

"Mwanangu," akasema, "goti limepona?"

Akasema wiki nzima hajalala. Hakupandisha sauti. Angenipiga na ule mwiko ningefurahi zaidi.

Jumanne, 18 Machi

Kikao cha chama. Daktari kapewa haki ya kutoa jina. Akasimama, akasema mlima huu hataupa jina la nyumbani kwake, ataupa la mwenzetu aliyeugundua kwa maumivu makubwa. Moyo ukanilipuka. Nikakaa sawa kwenye kiti.

Akautaja. Mlima wa Goti.

Walisimama kupiga makofi! Mwenyekiti alifuta machozi! Nami nikalazimika kushukuru, kwa mdomo wangu huu! Tena mwenyekiti kasema hakuna haja ya ubao mpya, mke wangu amewaambia upo mmoja nyuma ya makopo. Nimeshinda jioni nzima nakwangua jina langu. Dhahabu haikwanguki vizuri. Daktari kaomba na picha ya goti. Nimemchorea, goti limefanana na kiazi, na atashukuru.

Mke wangu kasema hukumu yangu ni kila Jumapili kwa mama yake, na brashi. Nikamkumbusha kuwa Jumapili ni siku ya baiskeli. Kasema anajua.

Jumapili, 23 Machi

Nimepaka geti. Nimepaka banda la kuku, na kuku mmoja kwa bahati mbaya. Mama mkwe amenipikia, amenisalimia vizuri, hajalitaja lile jambo hata mara moja, na hilo linaniudhi kuliko kutajwa. Wanachama wamepita mbele ya geti wakielekea juu. Daktari kagonga kengele.

Mchana nilikuwa juu ya ngazi napaka ukuta. Nikageuka. Kule ng'ambo ya bonde nikaona barabara nyingine. Mwinuko mtupu! Imesimama! Kona mbili! Nikauliza kwa sauti ya mtu asiyejali inakwenda wapi. Mama mkwe akasema inaishia kwa shangazi yake mke wangu, yule mjane, anayelalamika kuwa simtembelei.

Kumbe kosa lilikuwa rangi. Skafu nyekundu huonekana mbali. Nitanunua ya kijivu. Kilichobaki ni kuzipata Jumapili zangu.

Nikashuka ngazi polepole, nikashika kiuno, nikaguna. Mama mkwe akaacha kuchambua mchele. Akauliza kuna nini. Nikasema kiuno, kimeanza leo, sidhani kama nitaweza kuja tena karibuni. Akauliza kama kiuno nacho kitapona ghafla asubuhi moja kama goti.

Nikamwambia hapana mama, hiki ni cha kweli. Nadhani ameamini.