Fundi Aliyekuja Siku Aliyosema

Hiram Ndegwa,
Fundi wa Mawe,
Molo.

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi wa Ujenzi,
Rhonda, Nakuru.

Mheshimiwa Mzee Kabiru,

MINTARAFU: FUNDI MAKHANU NA TABIA YAKE YA KUMALIZA KAZI

Natumai barua hii itakukuta saiti ukiwa mzima. Isipokukuta, nitajua uko saiti nyingine, na sitakulaumu.

Mimi ni mwanachama wako mwaminifu. Nimejenga nyumba kutoka Rhonda hadi Mau Narok, na baadhi yake zina paa. Kwa unyenyekevu mkubwa namshtaki mwenzetu Makhanu, ambaye aliingia nyumbani kwangu nikiwa sipo, akamjengea mke wangu Waithera jiko, kuta, paa na mlango, akalimaliza.

Jiko hilo nililianza mwenyewe. Nilichimba msingi, nikapandisha kuta zikafika kiunoni, kisha nikaitwa kazi nyingine Nakuru. Kabla ya kuondoka nilitundika koti langu kwenye msumari, kama desturi yetu inavyotaka. Wewe unajua maana ya koti la fundi: mwenye nyumba akiliona linaning'inia, husema fundi hajaenda mbali. Koti moja linaweza kushika saiti msimu mzima, ndiyo maana makoti yangu ni mengi kuliko mashati.

Tangu hapo Waithera amekuwa akipikia chini ya karatasi ya nailoni, miguu ndani ya gambuti, na mvua ya Molo haihitaji kuelezwa. Kila aliponipigia simu nilimjibu kwa adabu kwamba niko kwa njia. Kisha binti yetu Wangu akapata mchumba, kijana anayeitwa Kipkemoi, na wazazi wake wakasema watakuja kutuona viazi vikishachimbwa. Waithera akaniambia wageni hawatakula chini ya nailoni. Jiko lisipoisha, shughuli itahamia kwa kaka yake huko Njoro, na mimi nitaalikwa kama jirani. Baba mzazi, nialikwe kama jirani! Naomba usome malalamiko yangu ukilikumbuka hilo.

1. Nilitegwa. Waithera alimwomba jirani yetu Linah anipigie simu kwa namba nisiyoijua, ajifanye mteja wa Molo mwenye jiko lililoachwa katikati. Nilikubali kazi papo hapo. Nilimwambia, "Mathe, nunua simiti, mchanga na mabati, mimi niko kwa njia, nishapita Njoro." Nilikuwa Rhonda, nimeshika chapati. Nilimhurumia hata huyo mama, nikamwuliza ni fundi gani mshenzi aliyemtupa hivyo. Mwenyekiti, nilipewa kazi ya nyumba yangu mwenyewe, nikaikubali, na bado sikwenda. Hila za namna hii hazifai kati ya mtu na mkewe.

2. Ndipo akaitwa Makhanu. Alisema atakuja Jumatatu, na akaja Jumatatu. Asubuhi! Akatumia simiti ile ile niliyoiagiza mimi. Hakusema mvua imemzuia. Nyanya yake hakufa. Mimi katika kazi hii nimewazika nyanya zangu mara kadhaa kila mmoja, na sijawahi kuomba chama mchango. Wateja wakishajua kwamba Jumatatu ya fundi inaweza kuwa Jumatatu ya watu wote, sisi wengine tutakula wapi?

3. Hakunitukana. Fundi akiingia saiti ya mwenzake ni lazima atikise kichwa na kuuliza, "Ni nani alikuharibia hivi?" Hiyo ndiyo heshima yetu. Makhanu aliweka pima maji juu ya ukuta wangu, akaitazama, akanyamaza, kisha akabomoa mistari miwili ya juu. Kimya hicho kimeniuma kuliko tusi lolote.

4. Alilitoa koti langu kwenye msumari ili apige plasta. Hakulitupa, alilikunja vizuri akampa Waithera, na Waithera akalifua. Sasa limekuwa koti la kwenda kanisani. Halina hata doa la simiti, na hakuna mteja litakayemdanganya tena. Nimeharibiwa kifaa cha kazi.

5. Dirisha limewekwa upande mbaya. Nilipofika nyumbani hatimaye, niliona moshi ukitoka kwenye bomba juu ya mabati mapya, nikapita lango langu nikidhani ni kwa Linah. Niliporudi niliona kosa mara moja: dirisha linatazama barabara, na upepo wa Mau unaingia moja kwa moja hadi kwenye sufuria. Hata mtoto wa fundi hawezi kufanya hivyo. Nilipouliza, Waithera alinijibu bila kuinua macho kwenye unga: "Ukisema uko kwa njia, mimi nataka niione hiyo njia." Niliona haya, na bado ninayo.

Kwa sababu hizo naomba chama kimfukuze Makhanu. Kama adhabu hiyo ni kali, basi arudi alegeze walau bawaba moja ya mlango, ili jiko lisihesabiwe kuwa limeisha na mimi nipate pa kuanzia.

Nisalimie mafundi wote wa Rhonda, walioko saiti na walioko kwa njia. Msalimie pia mama wa chapati anayenidai, umwambie sijamkimbia.

Wako katika ujenzi wa taifa, pole pole,

Hiram Ndegwa.

Baada ya sahihi: Niwie radhi, barua hii imekawia kidogo mfukoni, na wakati huo wageni wamekuja na wameondoka. Shughuli ilifanyika hapa hapa kwangu, nami nilikaa mbele kama baba. Ugali ulitoka jikoni ukiwa moto, Wangu akacheka siku nzima. Baba yake Kipkemoi alikagua kuta, akauliza ni nani aliyejenga jiko safi namna hii. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Waithera akanitazama, nikasema ni Makhanu. Sasa mzee huyo anataka kujengewa nyumba nzima, na Makhanu amekubali kunichukua tufanye kazi naye, mradi niwe nimefika saiti asubuhi. Kwa hiyo tafadhali usimfukuze. Ukimwona, mwambie niko kwa njia. Safari hii koti nimelivaa, na Waithera ameshasimama dirishani, anangoja aone nikiifikia barabara.